Elfu Ishirini za Nini

Bi Futi alikuwa na ugonjwa mmoja uliozishinda hospitali zote: kitu hakikutulia machoni pake mpaka ajue kina kiasi gani. Alikuwa fundi cherehani, na utepe wake wa kupimia, huo ambao mafundi wenyewe huuita futi, haukutoka shingoni ila wakati wa kulala na kuoga. Akienda kumjulia hali mgonjwa, macho yanapima mapazia. Akikaribishwa kiti, kwanza anakikadiria upana. Watoto wake walimkanya wakachoka. Mtaa nao uliachana na jina alilopewa na wazazi wake, ukambandika hilo la futi, naye akalipokea bila kinyongo, maana lingeweza kuwa baya zaidi. Sasa mtu kama huyo umpeleke kwenye bwawa la kuogelea kila asubuhi, miezi miwili mfululizo, halafu utegemee akae kimya? Thubutu.

Kilichompeleka huko hakikuwa anasa. Mumewe alikuwa mwashi, tena mwashi wa kutegemewa, mpaka siku jukwaa lilipomponyoka miguuni akaangukia nyonga ya kushoto. Mfupa uliunga, mguu ukagoma. Nchi kavu alikuwa akishika ukuta, anavuta hatua mbili, anaitukana ya tatu, anakaa. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alisema apelekwe majini, kwa kuwa maji humbebea mtu sehemu kubwa ya uzito wake. Tena alisema bila kuficha kwamba nyonga ile isipozoeshwa sasa itakakamaa hivyo hivyo, na hapo ni magongo mpaka kaburini. Basi wakatafuta maji. Bwawa pekee walilomudu kulifikia lilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni ya zamani, iliyojengwa na wahandisi wa kigeni waliokuja kutengeneza barabara, wakaimaliza, wakaenda zao, wakaacha bwawa, pampu na viti vya chuma. Meneja wa pale, mama mmoja mwenye funguo nyingi na subira kidogo, aliwaruhusu waingie asubuhi kabla wageni hawajaamka.

Na majini yule mwanamume alibadilika. Alisimama. Upande wa maji mafupi alitoka ukingo mmoja akafika wa pili, kifua mbele, akiimba nyimbo ambazo sauti yake haikuumbiwa. Bi Futi alikuwa akikaa kwenye kiti cha chuma akishona vifungo vya wateja wake, anasikia nyimbo zile zikipinda huku na huku, na moyo wake unatulia. Miezi miwili tu, na tayari mtaalamu alikuwa ameanza kutikisa kichwa vile wanavyotikisa wakiridhika.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumanne, walipokuta kamba imezungushwa bwawa zima na karatasi imebandikwa "LIMEFUNGWA", Bi Futi aliisoma karatasi ile mara mbili, kana kwamba herufi zingepungua.

Maji yalikuwa ya kijani. Haikuwa ghafla, tusidanganyane. Walipoanza kuja yalikuwa na ukungu kama yaliyooshewa mchele, baadaye yakawa ya kijivu, na wiki hizi mbili yakaanza kuelekea rangi ya majani. Ila siku ile yalikuwa kijani hasa, kijani cha kukera, na utelezi ulikuwa umepanda mpaka ngazi ya juu kabisa.

Mhudumu wa bwawa alikuwa amesimama na wavu wake mrefu wa kuopolea takataka, haopoi chochote. Wote walimwita Bwana Maji. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na kwa miezi ile miwili alikuwa ameshaingia katika urafiki na Mwashi, hivyo mke wa Mwashi alikuwa shemeji yake.

"Shemeji, msinitazame hivyo," alisema. "Si mimi niliyefunga. Meneja amesema imetosha. Jumamosi linakuja lori la kifusi, maji yanatolewa, shimo linafukiwa, panakuwa maegesho ya magari."

Mwashi aliegemea magongo yake. Alilitazama bwawa kwa muda, kisha akaanza kujigeuza kuelekea getini. Kujigeuza kwake kulikuwa kazi: gongo moja, pumzi, gongo la pili, pumzi. Bi Futi alimtazama mgongo ule mpana ukigeuka kidogo kidogo, akajua kwamba mtu huyu akitoka getini leo, hatarudi majini tena maisha yake yote.

"Hebu ngoja kwanza," alisema. "Bwana Maji, hivi dawa unaweka?"

"Kila jioni, shemeji."

"Kiasi gani?"

Hapo aliligusa jambo. Maana ukitaka kumuudhi Bwana Maji, mtilie shaka vipimo vyake. Aliwaongoza wote wawili hadi kwenye kibanda cha pampu, akafungua kabati, akatoa mizani ndogo ya jikoni iliyofunikwa kitambaa safi. Akaonyesha pipa dogo la plastiki lenye unga mweupe, akasoma maelezo kwa kidole: gramu hamsini kwa kila lita elfu kumi za maji. Kisha akaelekeza kidole ukutani. Palikuwa na kibati kilichopakwa rangi nyeupe, na juu yake kwa buluu, kwa mwandiko wa kupendeza kabisa: UJAZO 20,000 LITA.

"Kwa hiyo ni gramu mia moja kila jioni," alisema. "Si mia na moja, wala si tisini na tisa. Upepo ukivuma nafunga dirisha kwanza, usije ukasukuma mizani."

"Na kabla yako nani alikuwa anaweka?"

Bwana Maji alicheka kwa dharau kidogo. "Mzee Kopo. Huyo alikuwa na kopo lake la maziwa, limebonyea upande mmoja. Anakwenda ukingoni anamwaga, anamwaga, kama mtu anayelisha kuku. Ukimuuliza kiasi gani anakwambia cha kutosha."

"Na maji yalikuwaje?"

Bwana Maji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yalikuwa safi," alisema.

Jambo hilo lilimkwama Bi Futi kooni kama mwiba wa samaki. Asiyepima, maji safi. Anayepima mpaka anafungia upepo dirisha, maji machafu. Hapo huwezi kumlaumu mtu kwa uvivu, wala huwezi kusema ni mkosi, ingawa wapo wangesema. Yeye kwenye kazi yake, mteja akirudi na suruali inayobana, haanzi kuitukana suruali. Anaanza kumpima mteja upya.

"Hizo elfu ishirini," aliuliza, "ni nani aliyezihesabu?"

"Zimeandikwa," alijibu Bwana Maji.

"Nimeona zimeandikwa. Nauliza nani alizihesabu."

Wakati huo huo Meneja alitokea, funguo zikimtangulia kwa mlio. Alikuwa ametoka kugombana na mgeni aliyeoga majini jana yake akajikuna usiku kucha, kwa hiyo hakuja kwa salamu. Bi Futi alimsalimu hata hivyo, akamuomba jambo moja: kabla ya kifusi, wapewe nafasi walitengeneze bwawa. Meneja alisema bwawa hilo limemtoa jasho tangu alipokuja, kwamba mahali pa kuegesha magari hapaoti ukungu, na kwamba yeye si mchawi wa maji. Bi Futi hakubishana. Alimwambia tu kwamba mume wake hana pengine pa kusimama. Meneja alimtazama Mwashi aliyekuwa nje juani, mabega yamening'inia kwenye magongo, akashusha pumzi.

"Jumamosi asubuhi," alisema. "Nikiiona sakafu ya upande wa kina kirefu, lori litarudi lilikotoka. Nisipoiona, msinilaumu."

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Bi Futi alivua futi shingoni.

Akapiga magoti ukingoni na kuanza. Futi ya fundi cherehani ni mita moja na nusu, na bwawa halikuumbwa kwa futi ya fundi cherehani, lakini alikwenda nayo hivyo hivyo, anatia alama ya chaki yake ya kukatia nguo, anasogea, anatia nyingine. Urefu ukaja mita kumi. Upana, mita tano. Kina alikipata kwa kuzamisha mti wa wavu wa Bwana Maji upande wa mbali, mpaka ukagonga chini, kisha akapima sehemu iliyolowa: mita mbili na sentimita kumi. Mwashi, aliyekuwa amenuna mpaka hapo, alikuwa ameshasogea karibu bila mtu kuona. Fundi ni fundi. Ukipima kitu mbele yake hawezi kuendelea kununa.

"Ukishapata hizo, zidisha," alisema. "Mita moja kila upande ni lita elfu moja. Ndivyo tunavyojenga matangi."

Bi Futi alizidisha kwa chaki juu ya sakafu. Kumi mara tano, hamsini. Hamsini mara mbili na moja ya kumi, mia moja na tano. "Lita laki moja na elfu tano," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi. "Si elfu ishirini. Laki moja na elfu tano."

Bwana Maji aliikodolea macho hesabu ile. Kisha akaenda upande wa ngazi, akauzamisha mti wake mwenyewe, akautoa. Ulilowa mpaka sentimita tisini tu.

"Shemeji, sakafu inateremka," alisema kwa upole. "Huku ni kiunoni, kule ni kuzama. Umehesabu kana kwamba bwawa zima ni kule. Tukiweka dawa ya laki na kitu, utamchuna mumeo ngozi."

Kumbe ni kosa la ufundi wake. Mshonaji hukata kwa sehemu iliyo pana kuliko zote. Ukikata kwa kipimo cha kiuno, makalio utayaweka wapi? Nguo kubwa hupunguzwa, ndogo haina msaada. Miaka yote Bi Futi aliishi kwa sheria hiyo, na haikuwahi kumtupa mpaka leo. Alijishika kiuno, akacheka mpaka Mwashi naye akaguna kitu kilichofanana na kicheko.

"Chukua katikati," alisema Mwashi. "Tisini huku, mia mbili na kumi kule. Katikati yake ni mita moja na nusu."

Akafuta, akaandika upya. Hamsini mara moja na nusu. Sabini na tano. Lita elfu sabini na tano.

Wote watatu walisimama juu ya namba ile. Hata ikiwa futi iliteleza kidogo hapa na pale, hakuna namna yoyote ya kuteleza itakayogeuza elfu ishirini kuwa elfu sabini na tano. Bwana Maji alikuwa amebadilika rangi. Alikuwa akilitilia bwawa dawa ya robo bwawa, kila jioni, kwa uangalifu mkubwa, huku amefunga dirisha.

Lakini Bi Futi hakuwa amemaliza. Mtu mwingine angefurahi na kwenda kupima dawa. Yeye alikuwa bado anavutwa na kibati. Wahandisi waliojenga barabara nzima hawawezi kushindwa kuhesabu bwawa la nyumbani kwao. Elfu ishirini ile haikutoka hewani. Akaigawa sabini na tano kwa ishirini, akapata tatu na robo tatu. Tatu na robo tatu za nini?

"Bwana Maji," alisema, "kibati kile umekipaka rangi wewe?"

"Mimi. Kutu ilikuwa imekila. Nikakipiga msasa, nikaandika upya vile vile."

"Vile vile kabisa?"

Bwana Maji alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimchukua muda kupanda. "Namba nilizikuta," alisema. "Neno halikuwepo. Palikuwa na herufi zimeliwa, nadhani tatu. Nikaandika lita. Sasa, shemeji, maji yanapimwa kwa kitu gani kingine?"

"Hata mimi ningeandika lita," alisema Bi Futi, na alimaanisha hivyo.

Waliingia tena kibandani wakaipekua pampu yenyewe, ile ya tangu enzi za wahandisi. Mwashi, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango kwa sababu ya mguu, ndiye aliyekuwa usawa wa chini, na ndiye aliyeona bamba dogo la shaba pembeni, limezibwa na mafuta. Akalisugua kwa mkono wa shati, shati ambalo mkewe alikuwa amelifua jana. Zikatokea namba, na baada ya namba, herufi tatu: GAL.

"Galoni," alisema Mwashi. "Hawa watu walikuwa wanapima kwa galoni."

Basi wakamwita Meneja, kwa kuwa yeye ndiye mwenye simu inayojua kila kitu. Alikuja shingo upande. Lakini alipoelezwa, funguo zilinyamaza. Akaandika, akasoma: "Galoni moja ni lita nne na nusu na kidogo."

Bi Futi alikokotoa kwa chaki. "Elfu ishirini mara nne na nusu ni elfu tisini. Hapana. Bwawa letu ni sabini na tano."

"Simu imesema."

"Na futi imesema."

Meneja alimtazama kwa jicho la pembeni, akarudi kwenye simu, akasukuma kidole juu, akasukuma tena. Kisha alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, jambo ambalo hakuna mfanyakazi wake aliyewahi kumwona akilifanya.

"Ziko mbili," alisema. "Hii niliyosoma ni ya Waingereza. Kuna nyingine ya Wamarekani, ndogo. Lita tatu nukta saba nane na kitu."

"Galoni mbili tofauti," alisema Bi Futi polepole. "Jina moja."

"Jina moja."

"Na wakiuziana kitu wanaelewana vipi?"

Bi Futi alihisi furaha ambayo hakuwa ameihisi tangu mumewe aanguke, na aliona haya kidogo kuihisi pale, mbele ya maji machafu. Aliinama akazidisha. Elfu ishirini mara tatu nukta saba nane na kitu: lita elfu sabini na tano na mia saba, juu juu. Ikakaa pale sakafuni pembeni ya hesabu yake ya futi, na tofauti yao ilikuwa hizo mia saba tu.

"Zimekwenda wapi mia saba?" aliuliza Meneja, ambaye sasa naye alikuwa ameambukizwa.

"Lipu," alisema Mwashi bila kufikiri. "Wamepiga lipu mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Unene usiozidi kidole. Ukizungusha bwawa zima, hizo ndizo lita zako mia saba."

Alilisema kwa sauti ya mtu aliye kazini, na Bi Futi akajifanya anatafuta chaki.

Jioni ile dawa iliwekwa kwa lita elfu sabini na tano. Pipa lilieleza kwamba maji yakishageuka kijani, siku ya kwanza huwekwa mara tano, kwa hiyo Bwana Maji alipima karibu kilo mbili, mara nyingi nyingi kwa mizani yake ndogo, akasugua kuta kwa brashi mpaka giza likamfukuza. Pampu ikaachwa ikinguruma. Jumatano maji yalikuwa ya kijivu kizito. Alhamisi yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na Meneja alipita akasonya. Bwana Maji alisafisha chujio, akasafisha tena, akakaa karibu nalo kutwa nzima. Ijumaa ungeweza kuiona ngazi ya pili, na ukikaza macho, ya tatu. Bi Futi alikata mikono ya gauni la mteja mifupi zaidi ya ilivyotakiwa, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa majini.

Jumamosi, lori la kifusi lilikuwa getini, dereva anapiga honi, Meneja alipokwenda kwenye kina kirefu. Alichomoa ufunguo mmoja kwenye kile kishada chake, akautupa. Ulishuka ukiyumba, ukatua kwenye sakafu ya bwawa, akainama na kuutazama.

"Naona meno yake," alisema. Kisha akageuka kwa dereva. "Rudisha. Na usinipigie honi, wageni wamelala."

Mwashi alishika reli akashuka. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba mtu angeogopa kuyavuruga. Alitembea hatua, akatembea nyingine, akafika katikati. Akasimama. Bi Futi alisubiri aendelee, hakuendelea. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama chini.

"Njoo uone," alisema.

Bi Futi alikwenda ukingoni.

"Miezi miwili nilikuwa sioni miguu yangu. Sasa naiona. Huu wa kulia ndio unaotembea. Huu mwingine unaburutwa tu." Alipiga hatua kumwonyesha, na ilikuwa kweli. Mguu wa kulia ulikanyaga, ukasukuma, ukabeba. Wa kushoto, mwembamba, ulikuja nyuma vidole vikikwaruza sakafu. "Nilikuwa nakwambia natembea. Hata mtaalamu nilimwambia natembea."

Alitoka majini kwa shida kuliko siku zote. Alikaa kwenye ukuta mfupi wa kibanda cha pampu, akatupa taulo juu ya mguu wa kushoto kama anayefunika maiti.

"Mguu huu umekwisha," alisema. "Waambie wamrudishe yule wa kifusi."

Mke mwingine hapo angesema hapana, haujaisha, Mungu ni mwema, vumilia. Bi Futi alilitaka neno kama hilo, alilitafuta kweli, maana alimpenda mtu huyu na kumwona hivyo kulimuuma mpaka kwenye meno. Lakini lile neno "umekwisha" lilikuwa limeshamwingia sikioni, na ugonjwa wake ni ule ule.

"Umekwisha kiasi gani?" aliuliza.

Mwashi aliinua uso, akamtazama asiamini.

"Nakuuliza kweli, baba watoto. Kitu kilichokwisha hakipo. Huu mimi nauona. Umepungua. Kiasi gani?"

"Pima basi, si una futi."

Futi haikuweza. Mguu si bomba: hapa mnene, hapa mwembamba, hapa kifundo. Lakini siku zile nne zilikuwa zimemfundisha kitu kuhusu maji, kwamba hayajali umbo. Alimwomba Bwana Maji pipa tupu la dawa, refu na jembamba, aliloliosha mara nyingi. Wakalisimamisha ndani ya beseni kubwa chini ya ukuta ule, wakalijaza mpaka pomoni, mpaka tone moja zaidi lingemwagika. "Tia mguu mzima," alisema. Mwashi alitia wa kulia mpaka juu kidogo ya goti, maji yakafurika yakaingia kwenye beseni. Bwana Maji aliyapima kwa jagi lake, macho usawa wa mstari. Lita nne.

Wakajaza tena. Mwashi aliondoa taulo mwenyewe. Mguu wa kushoto uliingia, maji yakafurika, machache. Bwana Maji alipima mara mbili kabla ya kusema.

"Lita tatu na kijiko cha mezani, labda vitatu."

"Lita moja," alisema Mwashi. "Kasoro kidogo. Nimepoteza lita nzima ya mguu." Alitazama jagi. Lita moja mtu anaijua. Anaibeba kwenye chupa, anaimimina, anaona ilivyo nyingi.

Bwana Maji alikuwa akifuta miwani isiyo na uchafu.

"Kwa galoni ni ngapi?" aliuliza Mwashi ghafla.

"Ipi?"

"Hii ya bwawa. Ya Wamarekani."

Bi Futi alihesabu kichwani. Lita moja kasoro kidogo, kwenye tatu nukta saba nane na kitu. "Robo," alisema. "Robo galoni, barabara."

Mwashi aliitafuna namba ile, akitazama mguu wake uliokuwa bado ndani ya pipa.

"Basi tuseme robo," alisema. "Lita nzima ni nyingi, mtu anaweza kulia. Robo ni kitu unachoweza kukitafuta ukakipata."

"Na kikianza kurudi?" aliuliza mkewe, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Hapo utanipimia kwa mililita," alisema. "Nataka namba kubwa kubwa."

Bi Futi alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio hapo hapo, kilio ambacho alikuwa amekibana tangu siku ya jukwaa, akakiacha kitoke chote mbele ya Bwana Maji bila kuona haya. Mwashi alimngoja amalize. Kisha akautoa mguu pipani, akashika reli, akashuka majini mara ya pili asubuhi ile, na safari hii alitazama chini tangu hatua ya kwanza.